Serikali yaandama mlio wa Subaru, hatari ikisalia chini ya gari

KILA Jumapili alfajiri, barabara zinazotoka Nairobi kuelekea Thika na Naivasha hupata wageni wanaosikika kabla ya kuonekana. Ni magari ya Subaru Impreza, mengi yakiwa ya rangi ya samawati, yenye tundu la hewa juu ya boneti, bawa kubwa nyuma na mngurumo mzito wa kukatika-katika ambao shabiki wa magari huutambua hata akiwa amefumba macho. Kwa mkazi aliyekatizwa usingizi, mngurumo huo ni karaha. Kwa afisa wa trafiki aliye kwenye kizuizi, ni mwaliko wa kusimamisha gari na kuanzisha mazungumzo ambayo aghalabu hayafiki mahakamani. Kwa mwenye gari, ni tunda la miezi kadhaa ya kujinyima na kulala chali, spana mkononi, katika uwanja wa ploti anakoishi.

Mvutano baina ya pande hizo tatu si wa jana wala juzi. Hata hivyo, ulichukua sura mpya mwaka 2025, pale Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi Barabarani, NTSA, ilipowasilisha kwa umma rasimu ya kanuni za ukaguzi wa magari. Rasimu hiyo ilipendekeza kuwa magari ya kibinafsi yaliyopita umri wa miaka minne nayo yawe yakikaguliwa mara kwa mara, jinsi yafanyiwavyo matatu na malori. Malalamishi mengi yaliyofuata yalihusu ada na hofu ya kufunguliwa kwa mlango mwingine wa hongo. Swali gumu zaidi halikupata nafasi ya kutosha: mkaguzi akikutana na gari lililobadilishwa na mwenyewe, atalipima kwa kigezo gani?

Si swali la watu wenye anasa. Zaidi ya watu 4,700 walifariki katika ajali za barabarani nchini mwaka 2024 kwa mujibu wa takwimu za NTSA, na kundi kubwa zaidi miongoni mwao lilikuwa la watembeao kwa miguu. Mtu anayevuka barabara kwenda kununua maziwa hajui turbo ni nini, wala hakuulizwa maoni kabla ya springi za gari linalomjia kukatwa kwa msumeno. Lakini yeye ndiye hulipa breki zinapokataa.

Ili kuelewa kwa nini kijana wa Kenya akalala chini ya Subaru na si chini ya gari jingine, ni lazima kurejea kwenye Safari Rally. Impreza ilizinduliwa Japan mwaka 1992. Miaka miwili baadaye, Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari akiendesha Impreza ya kundi la magari yasiyobadilishwa sana kutoka jinsi yalivyotoka kiwandani, na Wakenya waliojipanga kando ya barabara wakamwona mwenzao akiwa na gari ambalo, angalau kwa ndoto, mtu angeweza kulinunua. Mwaka 1997 Colin McRae wa Scotland alishinda Safari kwa Impreza, naye Mwingereza Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Mashindano hayo yaliondolewa katika ratiba ya dunia baada ya mwaka 2002. Yaliporejea Naivasha mwaka 2021, Subaru haikuwepo miongoni mwa timu za viwanda, kwani ilijiondoa mwishoni mwa 2008. Mapenzi, hata hivyo, hayakujiondoa. Watoto waliokuwa wakipungia mkono magari yenye vumbi miaka ya tisini ndio watu wazima wanaoyamiliki leo.

Sababu ya pili ni mfuko. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililozidi umri wa miaka minane. Impreza za kizazi cha pili, zilizoundwa kati ya mwaka 2000 na 2007 na ambazo ndizo kipenzi cha vijana wengi, zilifungiwa mlango wa bandari ya Mombasa kitambo. Zilizoko nchini ndizo hizo hizo, zikihama kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na hata iliyo changa zaidi inakaribia miaka ishirini. Injini yao mashuhuri, EJ20, ilipewa mkono wa buriani nchini Japan kupitia toleo la mwisho la magari 555 pekee lililotangazwa mwaka 2019. Machi 2022, kampuni ya Subaru ikasema haitaunda WRX STI nyingine ya petroli kwa msingi wa gari jipya la wakati huo. Kenya nayo ilipandisha ushuru wa forodha wa magari kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023. Yote hayo yakijumlishwa, mwenye Impreza hana pengine pa kwenda. Ama ataitunza, ama ataiuza vipande vipande.

Ndipo inapobidi kutenganisha mambo mawili ambayo Kiswahili cha gereji huyafunga katika kitenzi kimoja. Fundi husema "nimeitengeneza" alipobadilisha mkanda uliochakaa, na husema "nimeitengeneza" vilevile alipoondoa sailensa na kuchomelea bomba tupu. La kwanza ni matunzo: kulirudisha gari katika hali aliyoikusudia muundaji. La pili ni mageuzi: kulitoa gari katika hali hiyo. Polisi, wanasiasa na majirani huyachanganya mawili haya kwa sababu yote hufanywa na mtu yuleyule, mahali palepale, mara nyingi siku moja.

Katika matunzo, mwenye gari anayefanya kazi mwenyewe mara nyingi humpita fundi wa kulipwa. Turbo, kwa mfano, ni gurudumu dogo linalozungushwa na moshi unaotoka katika injini, likasukuma hewa nyingi zaidi ndani ili petroli nyingi zaidi iungue. Huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na kinachozuia chuma kisisagane na chuma ni utando mwembamba wa oili. Oili ikichakaa au ikipungua, turbo haichukui muda kufa. Mmiliki makini humwaga oili kila baada ya kilomita 5,000 au hata kabla, na huichungulia kwa kijiti kila anapojaza petroli kwa kuwa injini hizi zina tabia ya kuila.

Kuna jambo jingine dogo linaloonyesha thamani ya kulijua gari moja kwa undani. Katika baadhi ya injini hizo, ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo, mna kichujio kidogo kinachoweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Kikiziba kwa masizi, turbo hufa kwa kiu ilhali oili imejaa tele. Fundi asiyeizoea Subaru huweza kumuuzia mteja turbo ya pili, naye mteja akaiua kama alivyoiua ya kwanza, bila yeyote kati yao kuigusa boliti hiyo. Mwenye gari aliyesoma kitabu cha matengenezo hadi usiku wa manane huanzia hapo.

Mkanda wa injini una hadithi ya aina hiyo. Hubadilishwa takriban kila kilomita 100,000. Ukikatika gari likiwa katika mwendo, vali na pistoni hugongana, na injini nzima huwa chuma chakavu katika muda wa kupepesa jicho. Tatizo la Kenya ni kwamba kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi ya gari kuukuu si za kuaminika. Si siri kuwa mita hurudishwa nyuma. Mnunuzi mwerevu haulizi mkanda ulibadilishwa lini. Huubadilisha wiki ya kwanza, pamoja na puli zake na pampu ya maji, kisha akaandika tarehe na kilomita kwa kalamu nzito mahali atakapopaona kila akifungua boneti.

Kwa kazi za namna hii, kumzuia mwenye gari kungekuwa kuidhuru barabara yenyewe. Vifaa vidogo vya kusoma hitilafu za kompyuta ya gari, vinavyounganishwa na simu, vimeshuka bei na kumwezesha mtu kujua kihisi kipi kimekufa kabla hajauziwa vitatu. Matunzo ya nyumbani yana hatari zake, na kubwa ni kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Jeki ni ya kuinulia, si ya kuegemezea. Stendi mbili za chuma ndizo hubeba uzito wakati wa kazi. Isitoshe, oili chafu inayomwagwa kwenye mtaro wa ploti haipotei, bali hufuata maji hadi mtoni. Lakini hizo ni hatari ambazo elimu kidogo huziondoa.

Mageuzi ni habari nyingine, nayo huanza kwa mlio.

Mngurumo unaopendwa wa Impreza ulitokana na jambo la kiufundi ambalo wengi hawalijui. Pistoni nne za injini hiyo hulala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, zikipiga kama ndondi. Mabomba yanayochukua moshi kutoka pande hizo mbili hayakuwa na urefu sawa katika matoleo mengi, kwa hivyo mipigo ya moshi hufika ikiwa imeachana. Mlio ni zao la mabomba yasiyolingana. Kijana anayetaka mlio huo uwe mkubwa zaidi hukata sailensa, kisha huondoa kichujio cha gesi chafu, na papo hapo huwa ameingia katika eneo asilolifahamu. Moshi unaotoka bila kizuizi huifanya turbo izunguke kwa nguvu kupita ilivyopangiwa. Hewa inazidi, lakini kompyuta inayopima petroli ina ramani ya zamani. Mchanganyiko ukipungukiwa na petroli, mlipuko ndani ya silinda hutokea kabla ya wakati wake, na kingo za pistoni zinazoshikilia ringi huvunjika. Watu huita hilo "injini kugonga". Ni gari zima limegonga mfuko.

Vali ya kutoa hewa ya ziada, ile inayotoa mlio kama wa mtu anayepiga chafya dereva anapobadilisha gia, ina kosa lake pia. Gari linapotoka kiwandani, hewa hiyo hurudishwa ndani ya mfumo kwa kuwa kompyuta imekwisha kuihesabu. Ikitolewa nje kwa ajili ya kelele, kompyuta huendelea kumwaga petroli ya hewa ambayo haipo tena. Matokeo ni moshi mweusi, plagi zenye masizi na petroli inayolipiwa bila kufanya kazi, tena katika nchi ambako kila tarehe 14 ya mwezi wenye magari husubiri tangazo la bei kutoka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, kama wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Wapo wanaokwenda hatua zaidi na kuiandika upya ramani ya kompyuta. Zipo programu zisizolipiwa, RomRaider ikiwa mojawapo, zinazomwezesha mtu mwenye tarakilishi na waya unaofaa kusoma na kubadilisha maagizo ya injini ya Subaru. Kazi hiyo ikifanywa na mjuzi, gari hupata nguvu zaidi bila kuharibika. Lakini mjuzi huyo ni lazima azingatie mambo ya hapa. WRX za Japan zilikusudiwa petroli ya daraja la juu inayouzwa huko, ambayo huvumilia mgandamizo mkubwa zaidi kuliko petroli ya kawaida inayopatikana katika vituo vya Kenya. Ramani iliyonakiliwa kutoka kwa mtu wa Osaka haiwezi kufaa Eldoret. Isitoshe, Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Gari lililopimwa hapo kwa ukali wa mwisho, kisha likateremshwa hadi Mombasa kwenye hewa nzito na joto, huweza kupata shinikizo ambalo aliyeliandaa hakulihesabu. Wengine wamelijua hilo Voi, boneti ikiwa wazi, wakisubiri gari la kuvutia.

Yote hayo, hata yawe ghali kiasi gani, mwathiriwa wake mkuu ni mwenye gari. Injini iliyokufa haimgongi mtu. Ukaguzi na sheria vingepaswa kujishughulisha kwanza na mageuzi yasiyopiga kelele.

Ya kwanza ni springi. Kushusha gari hulifanya lionekane limekaza misuli, na njia ya mkato ni kukata springi za kiwandani kwa msumeno au kuzichoma kwa moto hadi zilegee. Springi iliyokatwa hukaa vibaya kwenye kikombe chake, na gari likiruka tuta, ambayo ni mengi kuliko alama za barabarani, inaweza kuponyoka. Iliyochomwa imepoteza ugumu wake na inaweza kuvunjika. Shokamzoba zilizoundiwa urefu mwingine hupiga mwisho wake, matairi yakasugua matao ya bodi, na usukani ukaanza kuvuta upande gari linapopita bonde dogo kwa kasi. Hakuna jirani aliyewahi kuamshwa na springi iliyokatwa.

Pili ni breki. Nguvu za injini zikiongezwa kwa theluthi, breki zilezile za mwanzo hutakiwa kuzuia mwendo ambao hazikuujua. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani mwaka baada ya mwaka. Yanapopata joto katika mteremko mrefu kama ule wa Mai Mahiu, unyevu huo huchemka, kanyagio likazama hadi sakafuni na gari lisipungue mwendo. Kubadilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili ni kazi ya saa mbili, watu wawili na chupa moja. Ni kazi isiyopigwa picha wala kusifiwa na mtu, na pengine ndiyo maana huahirishwa na watu ambao wiki iliyotangulia walinunua rimu mpya.

Tatu ni taa. Balbu zenye mwanga mkali mweupe huchomekwa katika taa zilizoundiwa balbu za kawaida, na kwa kuwa kioo cha ndani hakikuchongwa kwa ajili yake, mwanga hutawanyika kila upande. Dereva anayekuja huona weupe mtupu kwa sekunde kadhaa. Katika barabara isiyo na njia ya waenda miguu, sekunde hizo ni nyingi.

Sheria inasema nini kuhusu haya yote? Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari liwe katika hali nzuri, na kifungu cha 55 ndicho hutajwa mara nyingi barabarani. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1953, mwaka uleule yalipofanyika mashindano ya kwanza ya Safari kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Imefanyiwa marekebisho mara nyingi, lakini mifupa yake ni ya zama ambapo gari lilikuwa na kabureta na fundi alilisikiliza kwa bisibisi sikioni. Kwa upande wa kelele, zipo kanuni za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, nazo zinazungumzia viwango vinavyopimika kwa chombo. Kwenye kizuizi cha polisi, chombo kinachotumika ni sikio la afisa.

Sikio hilo hubagua. Gari lenye mlio husimamishwa. Lililoshushwa kwa springi zilizochomwa hupita likiwa kimya. Isitoshe, Subaru imepata sifa nyingine ambayo haikuletwa na vijana wa spana. Wakati wa maandamano ya mwaka 2024 na miezi iliyofuata, magari yasiyo na alama rasmi, baadhi yakiwa Subaru, yalitajwa mara kwa mara na walioshuhudia visa vya utekaji nyara. Vioo vyeusi ambavyo raia husimamishwa kwa ajili yake vilionekana kuwa sare ya watu wasiosimamishwa na yeyote. Ni vigumu kumshawishi kijana wa Ruiru kuwa sheria ya magari inamhusu yeye pekee.

Hapa ndipo Japan, yanakotoka magari yenyewe, ina la kufundisha. Huko, gari jipya la kibinafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Gharama ya ukaguzi huo ni mojawapo ya sababu za Wajapani kuyaachilia magari yakiwa bado mazima, nayo yakaishia Mombasa. Lakini ukaguzi wa Japan haukuyapiga marufuku mageuzi. Mwaka 1995 serikali yao ililegeza masharti na kuainisha vipuri ambavyo mwenye gari anaweza kuvibadilisha bila kuomba ruhusa, mradi vipimo visivuke mipaka. Gari halishuki chini ya sentimita 9 kutoka ardhini. Bomba la moshi lina kiwango cha sauti kinachopimwa kwa mashine. Anayetaka kuvuka mipaka hiyo hulipeleka gari likaguliwe upya, na hati zake zikarekebishwa zilingane na gari lilivyo. Kwa hivyo kijana wa huko anajua mapema lipi linaruhusiwa, naye mkaguzi hana nafasi kubwa ya kujadiliana.

Kenya haihitaji kunakili kila mstari. Inahitaji uainishaji. Kanuni za ukaguzi zikisema tu kuwa gari "lililobadilishwa" halifai, zitamwadhibu aliyeweka breki kubwa zaidi sawa na aliyechoma springi, na wote wawili watatafuta njia ya tatu, ambayo kila Mkenya anaijua. Zikiorodhesha ni nini kinachopimwa na kwa kipimo gani, yaani nguvu za breki, mwelekeo wa taa, uzima wa springi, kiwango cha sauti na cha moshi, mwenye Impreza ataweza kujipima mwenyewe nyumbani kabla ya kufika kituoni. Rasimu ya 2025 iligusia pia kuwapa leseni wawekezaji wa kibinafsi kuendesha vituo vya ukaguzi. Hilo linaweza kupunguza foleni. Linaweza pia kuzalisha vyeti vya kununuliwa, na NTSA ingefanya vyema kueleza ni nani atakayemkagua mkaguzi.

Kundi jingine linalosahaulika ni mafundi. Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na karakana za Kariobangi zimelea mafundi wanaoweza kufungua injini ya Subaru na kuifunga bila kubakiza boliti. Wengi walijifunza kwa kumtazama mwingine, hawana cheti, na ukaguzi unaodai saini ya fundi aliyesajiliwa ungewatupa nje mara moja. Taifa lina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, iliyozinduliwa mwaka 2024. Pangekuwa mahali pema pa kuijaribu. Mafundi hao hao ndio wanaozijua spea bandia kwa kuzishika, jambo ambalo Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi hulifanya kwa misako ya mara moja moja. Padi bandia za breki huuzwa katika kijikasha chenye nembo safi kuliko halisi.

Kampuni za bima nazo zimejificha nyuma ya maandishi madogo. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa maelezo, na gari lililobadilishwa bila bima kuarifiwa huipa kampuni sababu ya kukataa kulipa. Mwenye gari hunyamaza kwa kuhofia ada kupanda. Kampuni haiulizi hadi siku ya ajali. Katika ukimya huo wa pande mbili, anayepoteza ni aliyedhani amelindwa.

Linalostaajabisha ni kwamba mfumo wa kukagua magari yaliyobadilishwa tayari upo nchini, nao hufanya kazi. Kabla ya gari kuruhusiwa kushindana katika mbio za magari, zikiwemo zile za kupimana muda kama KiambuRing, wasimamizi hulikagua: mikanda ya kiti, breki, betri ilivyofungwa, uvujaji wa oili. Lenye kasoro haliingii uwanjani, hata mwenyewe akiwa amesafiri kutoka Mombasa. Dereva huvaa kofia ngumu na barabara hufungwa. Jioni, gari lilelile hutoka uwanjani na kuingia barabara ya Thika, katikati ya matatu, bodaboda na watoto wanaotoka kanisani, na tangu hapo hakuna atakayeliangalia tena hadi mashindano yajayo.

Hata hati rasmi hazimsaidii afisa anayetaka kuifanya kazi yake kwa haki. Kitabu cha usajili cha gari la Kenya kinaonyesha nambari ya injini, ukubwa wake, rangi ya bodi, uzito na idadi ya abiria. Mwenye gari akilipaka rangi nyingine hutakiwa kuarifu. Lakini akibadilisha turbo, springi, breki na ramani ya kompyuta, kitabu hicho hakina mstari wa kuyaandika.